Cheti cha Apolonia

Hivi wewe, ukitaka kujua mtoto kabatizwa wapi, unaanza kumuuliza nani? Brigita alianza na wanaume.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa kwanza. Posa ya Apolonia ilishapokelewa kule Mofu, na upande wa mume wakaomba ndoa ifungwe kabla ya Kwaresima. Shughuli ya kufuatilia akaachiwa Brigita, shangazi wa binti, kwa kuwa yeye alikaa Ifakara, karibu na parokia, na miguu yake haikujua kuchoka.

Katekista Fulgensi hakumzungusha. "Mama, matangazo ya ndoa ni Jumapili tatu. Kwaresima imebaki wiki tano. Lakini bila cheti cha ubatizo, jina la binti silisomi hata mara moja."

Brigita akapanda lori la mpunga hadi Mofu kwa kaka yake, Donati, baba wa binti. Akamkuta kivulini anasuka mgono wa kuvulia samaki.

"Watoto wangu sita, wote wamebatizwa hapa hapa Mofu," Donati akasema, bila hata kuinua macho.

"Una hakika, kaka?"

"Unaniuliza habari za watoto wangu?"

Akapita kwa binamu yao, Ponsiano. Naye akaapa: sherehe ya Apolonia aliila mwenyewe, tena paja la kuku lilikuwa lake. Brigita akarudi Ifakara moyo umetulia.

Fulgensi akalifungua daftari la ubatizo la kigango cha Mofu, lililotunzwa pale parokiani, lile kubwa lililoliwa pembe na mende. Akashusha kidole mstari kwa mstari, akafuta miwani, akaanza upya.

"Watano nimewaona. Huyu wa kwanza hayumo."

"Tazama tena, baba."

"Nimetazama mara tatu. Nikitazama ya nne hataota humu."

Wiki nzima ikawa imepotea. Basi Brigita akarudi Mofu, na safari hii hakuingia nyumbani kwa kaka yake. Alipitiliza hadi mashambani, mwendo wa saa mbili, kandambili mkononi, maji ya njiani yanampanda miguu bila adabu. Wifi yake Sikitu alikuwa amehamia huko tangu mvua za kwanza, analala kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia shamba, anapalilia mpunga na Apolonia. Wawili tu. Wale wadogo walikuwa shule.

"Shikamoo shangazi," Apolonia akasema, udongo umemfika viwikoni.

"Marahaba mwanangu. Wifi, huyu mtoto alibatizwa wapi?"

Sikitu akaunyoosha mgongo taratibu. "Sanje."

"Sanje! Mbona Donati kasema Mofu?"

"Donati alikuwepo? Mzaliwa wa kwanza anazaliwa wapi, wifi, si kwa mama yake mzazi? Nilikwenda Sanje na tumbo, nikarudi na mtoto wa miezi minne, kabatizwa tayari. Baba yake alibaki huku na mpunga."

"Na Ponsiano je, na lile paja la kuku?"

"Hilo la mtoto wa pili. Ponsiano hakumbuki watoto, anakumbuka mapaja."

Walicheka wote watatu, Brigita hadi akashika kiuno. Jambo la mila, analijua tangu utoto, naye mwenyewe alikwenda kujifungulia kwao. Akalisahau kabisa kwa kuwa kaka alisema kwa sauti ya uhakika.

Akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Kesho basi la Sanje, keshokutwa cheti, Jumapili tatu za matangazo, na ndoa Jumamosi ile ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Inatosha! Akageuka amwone bibi harusi atakavyofurahi.

Apolonia alikuwa ameinama tena, anang'oa magugu. Anang'oa haraka, kama anayefukuzana na mtu.

Brigita akavishusha vidole. Akaingia majini, akasimama karibu naye.

"Mwanangu, nimeuliza watu wote. Wewe sijakuuliza."

Apolonia akamtazama mama yake, kisha mpunga, ambao ulikuwa bado haujafika magotini.

"Nilitaka baada ya mavuno, shangazi. Mpunga huu tumeupanda wawili. Nataka tuuvune wawili, ndipo niondoke."