Puto Lilelile

Puto lilikuwa jekundu, na kwa wiki sita nililipima kila asubuhi kabla sijanawa uso. Baba alikaa kitandani, mgongo kwenye mito miwili, akapuliza pumzi tatu. Tatu tu, ndivyo alivyoagiza mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alipotupa pakiti ya maputo kumi na kuturudisha nyumbani, mapafu ya Baba yakiwa hoi. Nilibana mdomo wa puto kwa kibanio cha nguo, nikazungusha uzi kwenye tumbo lake, nikaulaza uzi kwenye rula ya mita moja. Kutokana na mzingo nilipata ujazo, nikauandika daftarini na kuweka nukta kwenye mchoro.

Nafundisha hisabati. Nina madarasa manne, madaftari mia mbili ya kusahihisha, na baba mmoja. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye kucha, na mchoro ule ndio ulikuwa kitu pekee nyumbani mle kilichopanda badala ya kushuka.

Ulipanda kweli. Siku ya kwanza mzingo ulikuwa sentimita thelathini na nane, yaani hewa isiyofika lita moja. Wiki ya tano ulifika arobaini na saba, karibu lita moja na robo tatu. Nikatafuta mlinganyo unaopita katikati ya nukta zangu, nikaupata, nikauamini kuliko nilivyowahi kumwamini mwanamume yeyote. Kwa mlinganyo ule, kabla mwaka haujaisha Baba angepuliza lita tatu.

Ndipo nikampigia mdogo wangu anayefanya kazi ng'ambo. Alikuwa na likizo moja tu mwaka mzima, na alitaka kuja mara moja.

"Usije sasa," nilimwambia. "Baba anapata nafuu, nina takwimu. Njoo Desemba umkute anatembea."

Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Baba mwenyewe hakusema mengi. Wiki ya pili tu aliwahi kuniomba puto jingine. "Hili limeshachoka, mama. Si yamo mengine tisa kwenye pakiti?" Nikampa somo zima palepale: chombo cha kupimia hakibadilishwi katikati ya jaribio, ukikibadilisha hutajua kilichobadilika ni kipi. Baba alikuwa fundi pancha kwa miaka arobaini, na mikono yake bado ina weusi usiotoka kwa sabuni. "Haya, mwalimu," akasema. Hakuliomba tena.

Kitu kimoja kilinikera. Jioni nilipotoka kazini nililipima tena puto, nijue limepoteza hewa kiasi gani mchana kutwa. Mwanzoni lilipungua kidogo tu. Wiki ya tano lilikuwa linanywea vibaya. Nikalaumu kibanio, nikanunua kipya.

Jumanne ya wiki ya saba puto lilipasuka mkononi mwangu nikilizungushia uzi. Tulicheka wote wawili, maana nilipiga ukelele wa mtoto. Nikafungua pakiti, nikatoa la kijani.

Baba akapuliza. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akapuliza ya pili, na ya tatu akaimalizia kwa kikohozi kirefu. Nikapima. Thelathini na tatu. Nikaigeuza rula nikidhani nimesoma upande wa inchi.

"Ni gumu tu, Baba. Ni jipya."

"Na lile jekundu, siku ya kwanza halikuwa jipya?"

Nikakaa chini. Jipya kwa jipya, baba yangu alikuwa ameshuka kutoka thelathini na nane hadi thelathini na tatu. Wiki sita niliandika ujazo, ujazo, ujazo. Presha iliyohitajika kulitanua lile puto sikuipima, niliichukulia kuwa ileile kila siku. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemchorea mstari mwekundu ukurasa mzima.

"Mpira ukivutwa kila siku hulegea," Baba alisema taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Mtoto mchanga angelijaza lile. Nimeshika matairi maisha yangu yote, nisijue?"

"Ulijua! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu, ukanifundisha."

"Ungesema tena, Baba!"

Alinyoosha vidole vyake vyeusi, akavishika vyangu. "Namba zilipoanza kupanda ulianza kulala. Kabla ya hapo nilikuwa nakusikia usiku kucha unazunguka sebuleni. Nikasema, acha mtoto alale."

Nililia, sina la kuficha. Nilililia lile daftari, na likizo ya mdogo wangu, na usingizi ule niliolala kwa gharama ya baba yangu. Kisha nikachukua simu.

"Dada? Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Omba likizo leo. Usingoje."

"Si ulisema Desemba? Si una takwimu?"

"Nilikosea hesabu," nikasema. Katika miaka kumi na tisa ya ualimu sikumbuki kuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu.

Nilipokata simu, Baba alikuwa analifuta puto la kijani mdomo kwa ukingo wa shati lake.

"Anakuja lini?"

"Jumamosi, akipata ndege."

"Basi asinikute nimelegea kama puto lako. Shika uzi."

Nikashika, akapuliza. Thelathini na mbili na nusu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaiandika.