Majivu Yanayonywa Rangi

Wifi yake mwenye karakana ya kutia rangi vitambaa aliingia kazini kwake, akabwaga beseni la mchicha mezani. Mizizi ilikuwa ya zambarau.

"Wifi, mboga umeshazitia rangi. Umebaki kunitia mimi."

Maneno yalikuwa ya utani, uso haukuwa. Bustani yake ilitegemea mfereji uliopita nyuma ya karakana, na wateja wake sokoni walishaanza kumkimbia.

Mwenye karakana, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Zambarau kwa ajili ya viganja vyake vilivyokolea rangi, alitoka nyuma kuutazama mfereji. Siku hiyohiyo aliziba bomba la maji machafu. "Halifunguliwi mpaka maji yatakate," aliwaambia wafanyakazi wake. Wakatazamana, wakaenda kutafuta mapipa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, akizoa majivu ya makaa ya mawe kiwandani na kuyamwaga jalalani. Ndiye aliyemwambia kuwa oili ikimwagika gereji, wao huifunika kwa majivu hayo, yakainywa yote. Mama Zambarau akaagiza magunia.

Mara ya kwanza aliyakoroga tu na maji ya rangi. Mume akachungulia pipa. "Mke wangu, ulitaka maji, umepata wino."

Akamsonya, akaanza upya. Safari hii alitoboa pipa chini, akatandaza kokoto, mchanga, kisha majivu, akamimina taratibu. Yakachuruzika maji maangavu kama machozi. Karakana nzima ikashangilia.

Wifi akanyweshea tuta moja. Kulipokucha, mchicha ulikuwa umelala chini kana kwamba umebabuliwa na moto.

"Pole, wifi. Ulijitahidi," alisema. Upole ule ulimchoma Mama Zambarau kuliko tusi.

Alibeba chupa ya maji hayo hadi maabara ya idara ya maji. Mpimaji, dada mmoja mwenye miwani, alichovya karatasi ikageuka rangi. "Zambarau imetoka kweli, ila maji yamekuwa makali kama magadi. Yaoshe majivu kwanza, mpaka maji ya kuoshea yasiteleze vidoleni. Na hayo usiyamwage ovyo. Kisha niletee chupa nyingine, nipime na madini yenye sumu."

Akaosha. Mgongo ukauma, mfanyakazi mmoja akaacha kazi, mapipa yakajaa mpaka mlangoni. Akaosha tena. Kila chupa aliyopeleka ilirudi na "bado kidogo", naye alirudi na nyingine, hadi siku mpimaji alipovua miwani akicheka.

"Kunywa, hapana. Bustani, ruksa."

Wifi alinyweshea tuta jingine, akalichunga kama mgonjwa. Mchicha ukasimama, ukatoa majani mapya, mabichi kabisa. Ndipo akaja karakana.

"Haya, fungua bomba lako. Lakini hayo majivu yaliyolewa rangi utayapeleka wapi?"

"Fundi matofali anakuja mchana, tujaribu kuyachanganya na saruji."

"Yasiposhika?"

"Tutajaribu kingine," alisema Mama Zambarau, akainama kuzibua bomba, maji yaliyochujwa yapite.