Nyumba ya Watu Saba

Binti wa sensa alipogonga mlango, wanawake waliokuwemo katika nyumba ile ya Manfuha, mtaa wa Riyadh, walitawanyika bila kuambiwa. Wengine walipanda juu wakiwa wamebeba viatu mkononi, wawili wakajifungia chooni, na aliyekuwa akikaanga vitunguu akazima gesi akatoweka. Alibaki Pauline peke yake. Kazi ya mlango ilikuwa yake, kwa kuwa Kiarabu chake kilikuwa kimenyooka. Alikuwa amekaa Saudia miaka tisa, minne ya kwanza kwa madam mmoja huko Al-Suwaidi, mpaka madam alipokataa kumfanyia ikama mpya, kile kibali cha kuishi nchini, na pia akakataa kumwachia aende zake. Siku Pauline alipoondoka kwa yule madam, aliondoka na nguo alizovaa tu.

Alifungua. Mbele yake alisimama msichana Msaudi mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Nyuma ya msichana alikuwa Abu Salim, mzee aliyewasimamia wapangaji kwa niaba ya mwenye nyumba, akitazama huku na huku kama mtu aliyebanwa na haja.

Msichana aliuliza maswali yake kwa upole. Nyumba imejengwa kwa nini? Udongo, Pauline akajibu, umepakwa saruji juu. Vyumba? Vitano. Vyoo? Kimoja. Maji? Ya tangi, liko juu ya paa.

"Na watu wanaoishi hapa ni wangapi?"

Walikuwa kumi na tisa. Walilala kwa zamu, wale waliosafisha nyumba za watu mchana na wale waliolea wagonjwa wazee usiku, godoro moja kwa wawili.

"Saba," Pauline alisema.

Macho ya msichana yalishuka hadi kwenye ndara zilizosahaulika kizingitini. Zilikuwa nyingi mno. "Dada, mimi siulizi ikama," alisema. "Siandiki jina la mtu. Ninachotaka ni idadi. Hospitali, maji taka, yote yanapangwa kwa hii idadi."

"Ni saba."

"Saba, saba, halas," Abu Salim akadakia, kwamba yameisha. Mwenye nyumba alidhani amepangisha familia mbili, na mzee hakutaka ajue vinginevyo. Msichana aligusa kioo cha kishikwambi, akaaga, akaenda mlango wa pili.

Ivy ndiye aliyelalamika. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa amemaliza hata miezi mitano tangu atoroke kwa bosi wake, na bado alikuwa na ile tabia ya kusema analoliwaza.

"Auntie Pau, si ungemwambia ukweli tu? Amesema hataki majina."

"Hujui unachosema."

"Kwani idadi inaweza kukufanya nini?"

Pauline akamweleza. Kabla ya kurudi Riyadh aliishi Jeddah, katika mtaa wa zamani upande wa kusini, ambako Wakenya na Wahabeshi walijaa tele. Siku moja walipita watu na makaratasi wakiuliza nyumba hii ina vyumba vingapi, ile ina watu wangapi. Baadaye wakapita wengine na rangi nyekundu wakiandika ukutani kwamba watu wahame. Kisha yakaja matingatinga. Pauline alisimama ng'ambo ya barabara akaona ukuta wa chumba chake ukilala chini pamoja na pazia lililokuwa bado dirishani.

"Nikiona mtu anahesabu nyumba," alisema, "mimi nafunga begi."

"Mwache auntie yako," Damaris aliita kutoka chumba cha nyuma. "Wewe njoo unikande huu mgongo."

Damaris alikuwa mkubwa wao, mama wa miaka arobaini na minane kutoka Vihiga. Wakala alimwambia umri wake umepita, basi alisafiri kwa vyeti vya mdogo wake Roseline. Huku Saudia kila mtu alimjua kwa jina la Damaris, ila karatasi zake zilisema Roseline. Alikuwa amebeba mazulia ya watu miaka sita, mgongo ukamkatika, na sasa alishinda amelala, akiwapikia wenzake siku alizoweza kusimama.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Mvua ya Riyadh ikija haibembelezi. Kufikia saa nane mchana kichochoro kilikuwa mto wa matope, na paa, ambalo mfereji wake ulikuwa umezibwa na taka tangu mwaka uliotangulia, lilikuwa limejaa maji. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, watu kumi na wawili walikuwa ndani. Sita walikuwa kazini. Pauline, huyo wa kumi na tisa, alikuwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani akaenda duka la dawa kumtafutia Damaris mafuta ya mgongo.

Alikuwa anarudi aliposikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Alidhani ni lori kweli. Alipokata kona aliona vumbi likipanda katikati ya mvua, jambo ambalo hakuwahi kuliona, na mahali ilipokuwa nyumba yao aliona anga.

Tangi lilikuwa limeshuka na paa, paa likashuka na ghorofa. Maryann, mmoja wa wenzake wa nyumba, na wengine wawili waliokuwa karibu na mlango walikuwa wametoka wenyewe, wametapakaa udongo kama sanamu, na badala ya kuomba msaada walikuwa wamekimbilia kona ile ile kujificha. Pauline alijibana nao penye ukuta wa jirani.

Waokoaji walifika upesi. Walifanya kazi vizuri, hilo Pauline alilisema kila mara aliposimulia. Walitoa mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majeruhi walipakiwa moja kwa moja kwenye ambulensi. Mmoja alikuwa akipiga kelele, "Wengine wako ndani! Jamani, wengine wako ndani!" lakini alisema kwa Kiswahili, na mhudumu alimpigapiga begani akimwambia atulie, amepona. Wa sita alitolewa amefunikwa uso. Wa saba vilevile.

Ofisa wao, mwanamume wa makamo mwenye kofia nyeupe, alimgeukia Abu Salim. Mzee alisimama maji yakimchuruzika ndevuni.

"Waliokaa humu ni wangapi?"

"Saba," alisema Abu Salim. "Muulize yeyote, hata sensa imeandika. Saba, halas."

Ofisa akatazama machela ya mwisho, akatazama ukuta wa jirani uliokuwa umeinama juu ya kifusi. Aliwaashiria watu wake warudi nyuma kabla haujawaangukia.

Pauline aliyasikia yote. Alikuwa amewatambua wale saba, mmoja kwa leso, mwingine kwa soksi. Alijua ni nani hajatoka.

"Damaris," alisema. "Na Ivy alikuwa anamkanda."

Maryann alimshika mkono. "Usiende. Kuna gari la polisi pale, hulioni? Wataenda na wewe, halafu watatuzoa sisi."

"Wako chumba cha nyuma."

"Na kama wameshakufa? Utakuwa umejipeleka bure. Fikiria Allan."

Allan alikuwa mtoto wa Pauline. Alikuwa kidato cha tatu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumsomesha. Pauline alimfikiria. Alijiambia wale watu wana vifaa, wataendelea kutafuta. Alijiambia Abu Salim ataona aibu aseme. Alipiga simu ya Ivy, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mvua ilipungua, watu wakaanza kukunja kamba, na yeye bado alikuwa kwenye kona na chupa ya mafuta mkononi. Alipokuja kuiangalia saa ya simu, dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita.

Ndipo alipotoka. Hakukumbuka kuvuka kichochoro. Alijikuta tu mbele ya kofia nyeupe.

"Sio saba," alisema kwa Kiarabu. "Tulikuwa kumi na tisa. Wawili wako ndani."

"Wewe ni nani?"

"Ninakaa hapa. Mimi ndiye niliyesema saba."

"Ikama?"

"Mafi. Sina."

Ofisa alimtazama kidogo tu. "Wako wapi?"

Pauline akainama kwenye boneti ya gari lao, iliyokuwa na tabaka la udongo mwororo, akachora nyumba kwa kidole. Hapa mlango. Hapa chumba cha kwanza, magodoro manne. Hapa jiko chini ya ngazi. Hapa cha pili, walilala sita. Hapa choo. Na huku nyuma kabisa, dari fupi, dirisha limezibwa kwa mbao, magodoro mawili. "Hapa," alisema. "Ingieni kwa kichochoro cha nyuma. Ukuta wa huko ni mwembamba, tulikuwa tunasikia redio ya jirani."

Walibomoa kwa mikono na nyundo ndogo. Ilichukua karibu saa nzima. Ivy alitoka kwanza, mguu wake wa kulia umesagika, macho wazi. Pauline alikimbia kando ya machela.

"Auntie," Ivy alisema, sauti imekwaruza. "Mwangalie Damaris. Alikuwa ananiambia nisilale. Alikuwa anaita, tumesikia mashine, tumesikia watu, anaita tu. Amenyamaza sasa hivi."

Damaris walimtoa baada yake. Hakuwa na jeraha hata moja la kuonekana. Daktari alimwinamia, kisha akainuka akavua glavu.

Polisi walimchukua Pauline jioni hiyo, bila kumpiga wala kumtukana. Maryann na wenzake walikuwa wameshapotea. Alikaa kituo cha kurudisha watu makwao wiki saba, katika ukumbi wa wanawake mia na kitu, akaandikiwa jina, umri, uraia, na alijibu kila swali sawasawa. Habari za Ivy alizipata humo humo: mguu ulikatwa chini ya goti, alisafirishwa kwao akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Damaris alibaki Riyadh, kwenye jokofu la maiti. Makaratasi yalidai aliyekufa ni Roseline, na Roseline alikuwa hai nyumbani, analima. Hakuna aliyekubali kutia sahihi ili mwili usafirishwe.

Pauline alipofika Kenya alilala kwake usiku mmoja, akapanda gari la kwenda Mbale, huko Vihiga, akauliza njia mpaka kwa akina Damaris. Alimkuta Shirleen, binti wa marehemu, akianika mahindi uani. Walikaa kwenye benchi. Pauline akasimulia mvua, tangi, na chumba cha nyuma.

"Aliteseka muda mrefu?" Shirleen aliuliza.

Njia nzima Pauline alikuwa ametayarisha jibu la swali hilo, nalo lilikuwa hapana.

"Alikuwa hai," alisema. "Alikuwa anaita. Mimi nilikuwa nje, kwenye kona, na nilijua yuko ndani. Nilikaa karibu nusu saa kabla sijasema. Niliogopa kurudishwa."

 Shirleen aliangalia mahindi. Kuku alipanda juu ya turubai akaanza kudonoa, na hakuna aliyemfukuza.

"Na sasa umerudishwa," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nani mwingine anayejua kwamba yule aliye kwenye jokofu ni mama?"

"Mimi. Na Ivy, lakini hawezi kusafiri sasa."

Shirleen aliinuka, akamfukuza kuku, akasawazisha mahindi kwa kiganja mpaka turubai likawa sawa kotekote. Alizungumza akiwa amempa mgongo.

"Chifu anataka shahidi aliyeishi naye, aape kwa jina lake mwenyewe kwamba yule ni mama. Tumehangaika miezi miwili. Kesho saa mbili asubuhi uwe pale ofisini kwake."

"Nitakuwepo."

"Usichelewe," Shirleen alisema, akaingia ndani.