Birika la Nyumba Nzima

Siku mke wangu Remedios, tunayemwita Remy, aliporudi kutoka kazini Jeddah, mama yangu alifungua kabati la vioo akatoa ile chupa ya kahawa.

Kila nyumba ya mtaa wetu hapa mjini Lipa inayo chupa ya namna hiyo, au iliwahi kuwa nayo. Ni kahawa ya ng'ambo, ile ya kukorogwa tu kwa maji moto, na kifuniko chake kina rangi ya dhahabu. Remy aliituma kwenye boksi lake la kwanza, pamoja na sabuni, nyama za kopo na viatu vya binti yetu Mirasol, ambavyo vilifika mtoto mwenyewe keshavipita. Sabuni tuliogea, nyama tulikula. Chupa mama aliifungia kabatini, kati ya sanamu ya Mtoto Yesu na vikombe vya harusi yetu, akasema ni ya mgeni wa maana. Padri alipokuja kubariki paa jipya, aliomba maji. Diwani alipokuja kuomba kura, mama alimtazama juu mpaka chini akaona hastahili. Chupa ikaendelea kukaa.

"Delfin, lete kisu," mama aliniambia siku hiyo.

Unga ulikuwa umeshikana ukawa jiwe jeusi. Nilichokoa kwa kisu, kisha kwa bisibisi, maana kazi yangu ni kutengeneza feni na redio, na bisibisi hainikai mbali. Vipande viliruka mezani.

"Polepole! Hiyo ni kahawa ya bei," mama alisema.

"Bibi, hiyo si kahawa, hiyo lami," Mirasol akadakia. "Tuipeleke barabarani wazibe mashimo."

"Funga mdomo wewe. Mama yako kainunua kwa jasho lake."

Remy alicheka. Akapewa kikombe kimojawapo cha harusi, akanywa mpaka kikaisha, ingawa mimi nilionja na najua ilikuwa na ladha ya mbao na dawa ya mende. Alipokiweka chini, aliuliza, "Mama, hii si ulisema ni ya mgeni?"

"Ndiyo," mama akajibu kwa furaha. "Na leo mgeni si amefika?"

Mama hakuwa na nia mbaya. Lakini niliuona uso wa Remy. Ukizima feni, mapanga huendelea kuzunguka kidogo ingawa umeme umeshakatika. Tabasamu lake lilikuwa hivyo.

Jioni, akipanga nguo zake, aliniambia, "Yule mama niliyekuwa namfanyia kazi kule anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nikikubali kurudi, anatuma tiketi."

"Umemwambiaje?"

"Bado sijamwambia kitu."

Akasimama na nguo mkononi akinitazama. Nilitaka kumwambia abaki. Lakini paa lililokuwa juu yetu ni kazi ya mikono yake, masomo ya Mirasol pia, na hata benchi langu la kufanyia kazi. Niliona mtu aliyelishwa kutoka mbali miaka yote hiyo hana haki ya kulitamka neno hilo.

"Fikiria vizuri," nikasema.

"Haya," akajibu, akaendelea kukunja.

Kesho yake aliuliza birika liko wapi.

Zamani birika lile halikuondoka jikoni. Nyumba ilikuwa na wazazi wangu, kaka zangu wote, na wachumaji wa buni waliolala ghalani wakati wa msimu. Baba alikuwa wa kwanza kuamka, na birika lilichemka kabla jogoo hajamaliza kazi yake. Tulikunywa barako, buni ya milima yetu, nzito na chungu, na sukari guru inatiwa mwishoni. Hakuna aliyeulizwa anataka kahawa gani. Uliamka, ukamimina, ukakaa penye nafasi. Sisi watoto tulimwagiwa juu ya wali wa moto, tukala kwa samaki mkavu, tukaenda shule macho yamefunguka. Remy alipoolewa hapa, kazi ya kwanza aliyokabidhiwa na mama ilikuwa birika hilo.

Halafu kaka zangu wakaoa, wakahama. Baba akafariki. Bei ya buni ikaanguka, tukauza shamba, ikabaki mibuni mitatu nyuma ya banda la nguruwe. Remy akaondoka. Niliendelea kuchemsha kwa muda, lakini nilichomwaga kilizidi tulichokunywa. Ndipo dukani vikaja vipakiti, vile vyenye kahawa, maziwa na sukari pamoja, vimening'inizwa mlangoni kama mapambo ya sikukuu. Nikawa najaza maji moto kwenye chupa ya chai kila asubuhi, na kila mtu anachana chake kwa saa yake. Mama kwa saa yake, mimi kwa yangu. Mirasol anafanya kazi ya usiku, ya kujibu simu za wateja wa Marekani, kwa hiyo anarudi asubuhi sisi tumeshamaliza. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo.

Remy alikuwa akija likizo, ndiyo. Lakini likizo nyumba inajaa ndugu, nguruwe anachomwa, soda zinafunguliwa, na yeye anakalishwa kwenye kiti kizuri. Nani ataangalia chupa ya chai?

Birika alilikuta juu ya rafu, limejaa vibanio vya nguo. Mashine ya mkono ya kusagia buni tulikuwa tukisagia mahindi ya kuku. Aliiosha, akaifungua vyuma vyake, akaiosha tena. Matunda ya mibuni yetu yalikuwa bado mabichi, basi akaenda sokoni akarudi na buni kavu, akaikaanga kwenye kikaango cha chuma mpaka moshi ukatoka madirishani na jirani akauliza kwa sauti kama tunahitaji ndoo za maji.

Asubuhi yake birika lilichemka. Niliisikia harufu hiyo nikiwa bado kitandani, na kwa kitambo nilidhani baba yuko jikoni.

Mama alikuja akiburuta ndala zake. Akapita karibu na birika, akachana kipakiti, akabonyeza chupa ya chai.

"Mama, kahawa ipo birikani," Remy alisema.

"Nimeiona, mwanangu. Nitakunywa baadaye. Tumbo langu limeshazoea hii."

Mirasol akaingia na gilasi yake ya plastiki ya kahawa ya barafu, maziwa mengi, mrija mrefu.

"Mimina na hii, mwanangu," Remy akamwambia.

"Mama jamani, mimi ndio nakwenda kulala. Nikinywa hiyo nitakodoa macho mchana kutwa kama bundi."

Mimi nilikunywa vikombe viwili. Nilijaribu cha tatu moyo ukaanza kwenda mbio. Mchana Remy alilibeba birika likiwa karibu limejaa, akaenda kumwaga kwenye mashina ya mibuni.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata pia. Mara hiyo alimwaga bila kugeuka kunitazama. Jioni nikakuta begi lake kubwa liko uani, wazi.

"Linanuka kuvu," akasema kabla sijauliza. "Naliweka lipate jua."

Jua lilikuwa limeshatua.

Asubuhi niliamka kujaza chupa ya chai kama kawaida. Remy alikuwa ameshasaga buni, ametoka kufungulia kuku. Maji yakachemka. Nilisimama na sufuria mkononi, nikaitazama chupa, nikalitazama birika. Mimi si msemaji. Kifaa kisipofanya kazi nakifungua kimyakimya, natafuta waya gani umeachia. Basi niliyamimina maji yote kwenye birika, nikatia buni, nikarudisha motoni. Chupa ya chai nikaipindua kwenye kichanja cha vyombo. Vipakiti nikavikusanya vyote, nikavizika kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya bisibisi.

Mama alipokuja, aliisimamisha chupa ya chai, akabonyeza, ikatoa hewa tupu.

"Delfin! Maji yako wapi?"

"Birikani, Mama."

"Birikani kuna kahawa."

"Basi ndiyo hayo."

Akanitazama. Akapapasa rafuni. "Na vipakiti vyangu?"

"Labda vimekwisha."

"Vimekwisha? Jana si nimevishika kwa mkono huu?"

"Labda panya."

"Panya gani anachukua kahawa anaacha biskuti?"

Remy alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na bakuli la mahindi ya kuku. Nyuma yake akaja Mirasol kutoka kazini, mkoba begani, gilasi hana, kwa sababu alikuwa ameshaimaliza njiani na alitaka maji moto ya tambi.

"Kuna nini? Kuna msiba?"

"Baba yako kaficha maji," mama akasema.

"Maji yanafichwaje?"

"Muulize fundi."

Kwa kuwa hapakuwa na kingine, mama akajipakulia wali, akaweka samaki wake mkavu pembeni, akalivuta birika na kumimina kahawa juu ya wali kama alivyokuwa akitufanyia sisi. Akala kijiko. Akala kingine. Tukawa tunamsubiri kama anayetaka kutoa hukumu.

"Remy."

"Naam, Mama."

"Bado unazidisha sukari guru."

"Ndivyo ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha kutia kidogo! Wewe ulikuwa unamtilia huyu Delfin, bibi harusi mpya, unataka kupendwa."

Akaongeza kahawa kwenye sahani. Mirasol akamimina nusu kikombe, akaonja, akafunga jicho moja. "Ee! Hii inang'oa meno." Akafungua friji, akatia barafu, akatia maziwa mazito ya kopo mpaka rangi ikawa ya udongo. Nilimtazama Remy nikihofia atakasirika. Alikuwa akimtazama tu mtoto wake akikoroga.

"Sasa?" akamuuliza.

"Sasa inanyweka."

"Na wewe mwenyewe?" mama akamwambia Remy. "Siku zote hizi unatupikia, sijakuona ukinywa. Kunywa tukuone."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kweli, kila asubuhi alikuwa akijimiminia kikombe na kukizungusha mkononi, na mimi nikihesabu kwamba amekunywa. Remy alikaa. Alikunywa funda moja, na uso wake ukafanya jambo ambalo hakuweza kulizuia.

Mirasol akapasuka kwa kicheko. "Mama!"

"Ni kali," Remy akasema taratibu. "Mungu wangu, ni kali. Miaka yote ile nilikuwa naiota. Nilikuwa nikifua nguo za watu naisikia harufu yake. Nimerudi, siku ya kwanza nimeonja, nikasema labda nimekosea kukaanga. Siku ya pili nikasema labda buni mbovu."

"Kumbe?"

"Kumbe mdomo wangu ndio umehama."

"Tazama mtu huyu!" mama akapiga meza. "Unatuadhibu kwa kitu hata wewe mwenyewe hukiwezi!"

Remy akacheka, kicheko ambacho sikukisikia hata siku moja tangu arudi, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga ya jikoni. Akatusimulia kwamba kule alikuwa akinywa na ajuza wa nyumba ile, mama yake bosi, wawili tu wakati nyumba imetulia. Kahawa nyepesi ya rangi ya majani makavu, kwenye vikombe visivyo na mkono, pamoja na tende. Bibi yule alikuwa amefariki mwaka jana. Hilo hakuwa ametuambia.

Alikwenda chumbani akarudi na kifuko. Akabana punje za iliki kati ya vijiko viwili, akazitia birikani, akaongeza maji, akaacha ichemke tena kidogo. Jikoni pakanukia kitu ambacho hakikuwa cha baba wala cha Jeddah.

Mama akanusa kikombe chake. "Kinanukia kama keki ya Krismasi."

"Mbaya?"

"Sijasema mbaya. Ila kwenye wali wangu usinitilie."

Tulikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sisi wote kuwa na vikombe kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina rangi yake. Mirasol alikuwa ameegemeza kichwa begani kwa mama yake, macho yanasinzia, kahawa au bila kahawa.

"Sasa, Delfin," mama akasema huku akikwangua sahani, "umetunyima maji, umenipotezea vipakiti vyangu, umemsingizia panya. Yote hayo ili mke wako abaki. Si ungemwambia tu?"

Masikio yaliniwaka moto. Remy alikuwa ameinamia kikombe.

"Haya, mwambie," mama akasema. "Au nitoke nje?"

"Baki," nikasema.

Lilikuwa neno moja, tena halikutoka vizuri. Remy aliinuka, akalishika birika mpini, akalinyanyua kama anayelipima uzito. Lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu.

"Hili ni kubwa mno," akasema. "Sisi tuko wanne. Ukienda sokoni leo, tafuta dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"La vikombe vinne, Delfin. Mimi na wewe, Mama, na huyu akiamka. Hili lirudishe rafuni, sikukuu tutalishusha."

Nilichukua mfuko na kofia. Mama akanifuata mpaka mlangoni, akanishika mkono wa shati.

"Vipakiti vyangu viko wapi?" akanong'ona.

"Chini ya bisibisi, Mama."