Mgeni Aliyehamisha Kabati

Wezi Sista aliwaweza. Mgeni akiondoka na taulo, alimpigia simu na kumwambia kwa ile sauti yake ya wodini kwamba taulo letu limepanda gari na wewe kwa bahati mbaya, na taulo lilirudi limefuliwa na kupigwa pasi. Walevi aliwaweza, wachafu aliwaweza, na waliosema ni mtu na mkewe bila kuwa mtu na mkewe aliwatazama tu. Lakini mgeni anayelipa mapema, anayeshukuru, anayeacha masufuria yakimeta, halafu anahamisha kabati? Huyo hakuna aliyemfundisha jinsi ya kumweza.

Alikuwa ameuguza watu miaka thelathini, na mtaa mzima ulimwita Sista, hata waliomzidi umri. Alipostaafu aliishi kwa mdogo wake, mshonaji mwenye cherehani mbili na mdomo wa kutosha cherehani nne, na kiinua mgongo chake chote akakitia katika nyumba ndogo ya vyumba viwili mtaa wa pili. Aliyeiuza alikuwa mwanamume mwenye haraka. Alisema mama yake amefariki, yeye ni mtoto wa pekee, na kila kilichomo ndani kinakwenda na nyumba: vitanda, meza, kabati, hata vijiko. Bei ilikuwa ya chini mno. Sista alipaka rangi, akavipanga vitu upya, akapiga picha za vyumba vyote na kuzitangaza kwenye simu.

Dalali hakumtaka. Alisema dalali ni mtu wa kukuuzia kuku wako mwenyewe. Aliyetaka kulala pale alimpigia yeye, akahojiwa kidogo kama mgonjwa anayelazwa, akapewa ufunguo mkononi. Akishaondoka, Sista aliingia na picha zake, chumba kwa chumba, kuhakikisha kila kitu kiko mahali pake. Nyumba ile ndiyo iliyomlisha, maana pensheni yake ilikuwa ya kununulia chumvi, tena si kila mwezi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye mkoba mmoja. Alisema kazi yake ni kukagua mizani za madukani, anazunguka miji, na atalala siku mbili. Sista alimpenda papo hapo, kwa sababu mtu wa mizani hawezi kuwa mtu wa ovyo. Siku ya tatu aliingia na picha zake, akadhani amekosea nyumba.

Kabati kubwa la sebuleni lilikuwa kwenye ujia wa kwenda jikoni. Meza ya kulia chakula ilikuwa jikoni. Kitanda cha chumba kidogo kilikuwa kimegeuzwa, kichwa kwenye ukuta wa dirisha. Hakikupotea kijiko wala kifuniko. Sista alisimama katikati ya sebule tupu akazunguka mara mbili, simu mkononi, akitafuta hasira asiipate, kwani utamkasirikia mtu kwa kosa gani? Halafu akainama chini ya kabati, na ndipo akakasirika. Miguu minne ya kabati ilikuwa imetumbukia katika vishimo vinne vidogo vya sakafu, imetoshea kama kisigino kwenye kiatu chake. Sista akaamini kwamba mgeni amemchimbia sakafu.

Mdogo wake aliyasikia hayo akaacha kushona kabisa, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kulisababisha. Kwanza alisema ni mchawi. Kisha akasema hapana, ni mtu anayetafuta kitu kilichofichwa ukutani, hela au dhahabu, na wao wawili ni wajinga kwa kutoanza kubomoa. Jioni alikuwa ameamua kwamba mwanamke yule ameachwa na mumewe, akili imemruka kidogo, anapanga nyumba asiyo nayo. Sista alimwambia afunge mdomo amsaidie kusukuma. Walisukuma wakihema, wakalirudisha kabati sebuleni. Vile vishimo Sista alivitazama tena: vumbi la ndani lilikuwa jeusi, limegandamana, vumbi la miaka. Hapo kichwa kikaanza kumuuma kwelikweli.

Mwezi uliofuata yule Mkaguzi wa mizani alipiga simu tena. Mdogo mtu alitaka akataliwe. Sista akasema kuuliza si ujinga, akamuuliza kwenye simu kama siku ile vitu havikumkalia vizuri. Mkaguzi akajibu kwamba nyumba ni nzuri sana, akaomba msamaha kwa kusahau kurudisha vitu. Akaja, akalala siku mbili, akaondoka, akasahau tena. Kabati kwenye ujia, meza jikoni. Safari hii kitanda cha chumba kidogo kilikuwa kimehamia chumba kikubwa, na inaonekana kilijaribiwa pembe zote nne, maana sakafu ilikuwa na mikwaruzo kila upande. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe hangelikataa, angelihamisha.

Alipokuja mara ya tatu, Sista alivunja sharti lake mwenyewe la kutomwingilia mgeni ndani. Siku ya pili, adhuhuri, alikunja mashuka mawili yasiyohitajika na mtu yeyote, akaenda. Akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Karibu, pita, hakujafungwa," sauti ikamjibu kutoka jikoni.

Alipita. Na jambo lililomchanganya kuliko yote ni kwamba nyumba ilikuwa nzuri. Mlango wa ujia, ambao siku zote uligonga kiti, ulifunguka wote. Mwanga wa jikoni ulianguka juu ya meza. Mkaguzi alikuwa amekaa hapo na kikombe cha chai, akamvutia kiti na kummiminia, na Sista akapokea na kushukuru kabla hajakumbuka kwamba kikombe ni chake.

"Dada yangu," alisema, "niambie tu. Unatafuta nini humu?"

Mkaguzi hakuzunguka. Alisema alikuwa akitafuta mahali pa kulala kwa ajili ya kazi, akipitisha picha kwenye simu, akaliona kabati la mama yake. Mwanzoni alidhani ni la kufanana nalo. Kisha akaiona meza, akaitambua na nyumba yenyewe, ambamo kabati lile lilikaa ujiani miaka yote. Alikuwa akifanya kazi mbali. Kaka yake alimwambia mama anaendelea vizuri, na aliendelea vizuri hivyo hivyo kwenye simu mpaka siku alipoambiwa ameshazikwa. Vitu vimegawiwa, kaka alisema. Nyumba ilikuwa ya kupanga, imerudishwa kwa mwenyewe.

"Aliniambia ni mtoto wa pekee," Sista alisema. Sauti ya wodini haikuwepo tena.

"Wakili anasema nina kesi. Sijamjibu." Mkaguzi alizungusha kikombe chake. "Sijaja kwa hilo. Nataka kujua mama alifia wapi humu ndani. Kaka hasemi. Nimekiweka kitanda kila pembe ya vyumba vyote viwili, nikalala, na sijui."

Sista alikiweka kikombe chini. Alikuwa anajua. Siku ya kwanza alipoingia kuikagua nyumba, kitanda kile kilikuwa sebuleni, na jicho la muuguzi halihitaji kuambiwa mtu amefia wapi. Alijua na jingine, ambalo hakumwambia mtu, hata mdogo wake: karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda. Akilisema hilo, basi ameungama kwamba alinunua huku akijua, na nyumba inaweza kwenda, na uzee wake wote ndani yake. Angeweza kunywa chai, akaaga. Alimtazama yule mwanamke, mtu wa kulipa ili alale pembe nne za chumba. Aliwahi kuwajibu ndugu wa marehemu mara nyingi mno. Hakuwahi kumnyima hata mmoja.

"Sebuleni," alisema. "Chini ya dirisha. Nilikihamisha mimi."

Kisha akalisema na la karatasi, haraka, kabla hajajihurumia. Iliandikwa kwa herufi kubwa, *binti yangu*, na namba ya simu chini yake. Yeye aliibandua, akapaka rangi. Alijiambia labda ni binti wa ndugu, labda ni wa kulea. Bei ilikuwa nzuri, na alikuwa amechoka kuishi kwa watu.

"Ungenipigia," Mkaguzi alisema.

"Ndiyo. Nilipaswa kukupigia."

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Sista alingoja atukanwe, na alitaka atukanwe, kwani angejua angalau wamefika wapi. Badala yake Mkaguzi aliinuka akaenda chumbani, akashika upande mmoja wa kitanda. "Shika huko," alisema. Wakakipitisha mlangoni kwa ubavu, wakakiweka chini ya dirisha la sebule. Sista akakisogeza inchi mbili kutoka ukutani, akachukua mto na kuuweka upande wa miguuni.

"Mbona huko?"

"Ndivyo nilivyoukuta. Lazima aliomba ageuzwe. Wakilala muda mrefu huomba, kama kuna mtu wanayemngoja." Akaunyoosha mto. "Kutokea huku unauona mlango."

Mkaguzi alivua viatu akalala juu ya kitanda, kichwa kwenye mto, akautazama mlango. Machozi yalimtoka kimya kimya yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. Sista hakujua akae au asimame, kama ni mwenyeji, muuguzi au mwizi.

"Na nyumba?" aliuliza mwishowe, kwa sababu asingeweza kuondoka bila kuuliza.

"Sijui, Sista. Leo niache nilale."

Sista aliyaweka mashuka juu ya kiti, akatoka. Kizingitini alishika kitasa avute mlango, kama alivyowafungia wageni wote. Halafu akakiachia, akaenda zake, mlango ukiwa wazi.