Vitunguu Visivyotoa Machozi

Uvumi ulimfikia Aoko sokoni Thika, mwaka wa hamsini na saba, ukakataa kumtoka: kule upande wa Ruiru, kwa wale Waholanzi waliohamia na kujijengea kimji chao cha maua, watu wa kambi ya vibarua wanatapika mpaka wanakufa. Na binti yake Awiti, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa kwenye kambi hiyo hiyo.

Jumamosi akapanda gari la moshi, kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani, mapajani, moyo haumtulii njia nzima.

Alichokikuta kilimzidishia hofu. Wanawake walikuwa wakipita shambani wakikata maua mekundu yaliyochanua vizuri, wakiyatupa tu.

"Mnapanda maua ili myatupe?"

"Ua si kitu, mama," alicheka Waceke, jirani wa Awiti. "Wazungu wanauza kile kichwa kilicho mchangani. Ukikata ua, kichwa kinanona."

Awiti alikuwa mzima, mashavu yamejaa. "Mama, umekuja kunisalimia au kunizika?" Akarudi shambani kumalizia mistari yake miwili ya maua.

Aoko akabaki kupika. Nyuma ya mlango palikuwa na kikapu cha vitunguu vinono. Akakata vitatu, akakaanga na omena. Havikumtoa hata chozi moja, naye akashukuru, maana moshi ulishamchosha macho. Akaonja vijiko viwili. Uchungu kidogo. Akaongeza chumvi.

Awiti alikuwa amerudi, ameshakata tonge la ugali, limegusa mchuzi, Waceke alipoingia kuomba moto. Akaona maganda. Akaushika mkono wa Aoko, akaunusa, halafu akaipiga teke sufuria.

"Mama, hivi si vitunguu. Ni vichwa vya maua. Awiti aliokota vilivyokataliwa, avipande hapo mlangoni. Wale wageni wawili waliokufa mwezi uliopita walipika hivi hivi."

Aoko alitapika hadi jioni, Awiti akimshika paji la uso. Hakulilia tumbo. Alililia lile tonge ambalo Awiti nusura alile.

Aliporudi Thika, Aoko alimwambia haya kila mwanamke mwenye mtoto anayefanya kazi kule:

Usipike ulichokikuta nyumbani kwa mtu kabla hujauliza.
Kitunguu kisichonuka, usikitie chunguni.
Mchuzi ukiwa mchungu usiongeze chumvi. Mwaga.
Vichwa vya maua visikae kwenye kikapu cha chakula, hata siku moja.
Watoto wasichezee maganda yake.