Gadi Aliyeachwa na Ndege

Ndege ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma. Kigari kidogo cha manjano kiliisukuma kwa pua, taratibu, kama mtu anayemtoa mlevi sebuleni asije akavunja vyombo. Nyuma ya kioo kikubwa cha chumba cha kungojea alisimama mzee mmoja mrefu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, akiitazama. Hakupiga kelele. Alichomoa saa mfukoni, akaiangalia.

"Saa tatu na dakika nne," alisema peke yake. "Wamechelewa dakika nne."

Alikuwa gadi wa treni miaka thelathini na mmoja. Hata chombo kilichomwacha asingeweza kukiacha kiende bila kukihesabia dakika zake. Watu walimwita Gadi tu. Mkewe, enzi za uhai wake, alimwita Gadi hata chumbani. Alistaafu, kofia akairudisha stoo, jina likakataa kurudi.

Kule ndege ilikokuwa inaelekea, kaka yake mkubwa alikuwa kitandani, mapafu yamejaa maji. Mke wa kaka huyo alipiga simu juzi yake. "Shemeji, kaka yako anasema uje. Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Fanya haraka, daktari hataji tena wiki, anataja siku."

Kwa mdomo wake. Gadi alimwomba shemeji arudie hapo, maana mdomo huo ulikuwa haujamsemesha kwa miaka kumi na mmoja. Tangu mama yao alipozikwa. Siku ile Gadi alikuwa na treni katikati ya pori, abiria mia nne, na gadi wa kumpokea hakutokea. Angeshuka, angewahi, lori la mawe lilikuwa hapo hapo barabarani na dereva alikuwa tayari kumbeba. Hakushuka. Aliifikisha treni, akafika kaburini siku ya pili, udongo umeshaanza kukauka juu. Kaka yake alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Nenda kwa mama yako. Anangoja stesheni, anatoa moshi." Basi. Likawa neno la mwisho.

Sasa ameitwa, na ndege ndiyo ile inageuza mkia.

Kuachwa kwake hakukuwa kwa kuchelewa. Alifika uwanjani kabla taa za ukumbi hazijawashwa zote, mlinzi akamwambia, "Mzee, hata mwizi hajaamka." Alikuwa wa kwanza kwenye dawati la kujiandikisha. Halafu watu wakaanza kuja, na Gadi akafanya alichokifanya maisha yake yote: akasogea pembeni.

Gadi hapandi kabla ya abiria. Hiyo hakuisoma kwenye kitabu, alifundishwa kwa kofi la mkuu wake wa kwanza. Unasimama nje, unaangalia behewa la kwanza mpaka la mwisho, mwenye mtoto apande, mwenye mzigo asaidiwe, aliyebabaika aonyeshwe, na ukiona hakuna mguu uliobaki chini ndipo unapuliza filimbi na kurukia. Ukitangulia wewe, nani atajua nani kaachwa?

Kwa hiyo alimpisha mama mwenye mapacha. Akampisha kijana mwenye mguu wa plasta. Akapisha bibi harusi na wapambe wake sita, wote wanacheka. Bwana mmoja wa tai alimuuliza, "Foleni hii ni ya wapi, mzee?" Gadi akamwelekeza, akamwambia atoe kitambulisho kabisa asije akachelewesha wenzake. Yule bwana akasema asante, mfanyakazi gani mwenye adabu hivi. Hata binti wa dawati, msichana wa sare ya bluu mwenye sauti ndogo, alimwashiria mara mbili kwa kidole: wapange hapo, mzee. Naye akawapanga. Foleni ilinyooka kama reli.

Walipokwisha wote, Gadi akaweka tiketi yake juu ya dawati.

Binti alishtuka. "Kumbe babu nawe unasafiri?"

"Sasa nimekuja kufagia?"

Binti akabonyeza, akabonyeza tena. Uso ukamshuka. Kampuni ilikuwa imeuza viti vingi kuliko vilivyomo, kama kawaida yake, kwa matumaini kwamba kila safari hawakosekani wawili watatu wa kuugua au kughairi. Siku hiyo hakuugua mtu. Akampa kadi isiyo na namba ya kiti, akamwambia asubiri langoni, huenda Mungu akasaidia.

Langoni Mungu hakusaidia. Msimamizi, mtu mnene mwenye redio kiunoni, alisoma majina mawili: la Gadi na la msusi mmoja aliyeingia anahema, shanga za nywele za mteja bado zimemganda kwenye mkono wa blauzi.

"Mmejiandikisha mwisho," msimamizi alisema. "Wa mwisho ndio wanaobaki. Mfumo ndio unaochagua, si mimi."

"Huo mfumo ni mjomba wako?" msusi akamrukia. "Mwite hapa tuongee naye!"

"Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mimi nimechelewa, nakubali, nilikuwa na kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, ningemwacha mtu wa watu vipi? Lakini huyu baba kafika kabla ya ufagio! Kawapangia foleni yenu bure! Baba, waambie!"

"Nina mgonjwa," Gadi alisema. "Kaka yangu. Waulize walio ndani, labda yupo wa kunipa nafasi."

Binti wa dawati alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mlango wa ndege. Msimamizi akamzuia kwa mkono. Hakuna muda, alisema, rubani ameshafunga, akawagawia wote wawili kuponi ya chai. Baadaye ilijulikana kwamba rubani alikuwa hajafunga.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndege sasa ilikuwa njiani kuruka, na msusi ameinua simu yake juu anapiga picha ya video.

"Mtazameni mzee wa watu! Kaka yake anakata roho, hawa wamempa kuponi ya chai! Wajinga ndio waliwao, jamani, na wajinga ni sisi!"

Ukumbi ulijaa wanaongoja safari nyingine, na kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Mwanamume mmoja alisema yeye waliwahi kumwacha, akakosa usaili wa kazi. Mwanamke akasema begi lake lilisafiri, yeye akabaki. Mwingine hakuwahi kuachwa popote, ila alikuwa na hasira za kwao. Wakasogea. Simu zikaongezeka. Kila mtu alikuwa anamtetea Gadi, na hakuna aliyekumbuka kumtafutia kiti akae.

Simu yake mwenyewe ikalia. Shemeji.

"Umeshapanda? Anauliza. Nampa."

Gadi akageukia ukuta, akaziba sikio la pili kwa kiganja. Sauti ilikuja kama karatasi inayoburutwa sakafuni.

"Uko wapi?"

"Uwanjani, kaka. Ndege imeondoka."

"Na wewe?"

"Mimi niko chini."

"Ulichelewa."

"Sikuchelewa. Nilikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza, halafu ukaachwa." Kikohozi, au kicheko, katika kifua kile havikuwa na tofauti. "Niambie kweli. Ulikuwa unapandisha watu?"

Gadi alitazama rangi ya ukuta.

"Si nakuuliza?"

"Ndiyo, kaka. Nilikuwa napandisha watu."

"Mpumbavu wewe," kaka yake alisema, na alilisema kwa upole kama walivyokuwa wakitukanana zamani, wawili juu ya godoro moja, mama akiwanyamazisha kutoka chumba cha pili. "Na siku ile ya mama? Nilingoja useme. Hukusema kitu."

Neno lilikuwepo. Gadi alilibeba miaka kumi na mmoja, alilijua uzito wake. Aligeuza kichwa kidogo apate pumzi, akaona simu saba, nane, zimemwelekea usoni kwa karibu, na msusi ana machozi, ananong'ona, "Weka sauti ya nje, baba, dunia isikie!"

"Nitakwambia nikifika," Gadi alisema.

"Sema sasa."

"Kuna watu hapa, kaka. Kesho asubuhi kuna ndege. Saa tano nitakuwa kitandani kwako."

"Kesho." Pumzi ndefu, ya kupanda mlima. "Haya. Nangoja."

Hapo ndipo ukumbi ulipochemka. Msusi aliwasimulia watu alichokisikia, wao wakawaeleza wa nyuma kwa kuongeza chumvi, na wa nyuma kabisa wakajua kwamba mzee ameshafiwa. Wakaanza kupiga madawati. "Kiti! Kiti! Kiti!" Bango la kampuni, lile lenye picha ya mhudumu anayetabasamu, likaangushwa na kukanyagwa.

Kupitia msitu wa mikono Gadi alimwona binti wa dawati anatokea mlango wa ofisi, anapunga karatasi, anaita kitu. Sauti ile ndogo haikufika hata mita mbili.

"Ndiye huyu!" mtu akapiga kelele. "Ndiye aliyemtoa mzee!"

Wakamvamia. Hawakumpiga, hilo lazima lisemwe. Walimzunguka tu, simu puani mwake, kila mtu anamuuliza kama yeye hana kaka, hana mama. Alilia. Karatasi ilikuwa bado juu, ameishika kwa vidole viwili. Gadi alijaribu kupita. "Mwacheni," alisema, "naombeni njia, mwacheni huyo mtoto." Watu wakamsogeza nyuma kwa heshima kabisa: pumzika mzee, usijichoshe, tuachie sisi. Askari wakaja, wakamtoa binti, wakashusha mlango wa chuma wa ofisi, wakawatoa watu wote nje ya ukumbi hadi kwenye maegesho.

Saa sita mchana walifungua tena. Msimamizi alimtafuta Gadi, akamkuta ameketi juu ya kigari cha mizigo. Safari hii hakumtajia mfumo.

"Mzee, kulikuwa na kiti. Kampuni nyingine, saa tano kasorobo, kupitia mji wa pili. Binti alikuwa amekupatia, alikuwa anakuletea. Ungefika saa kumi."

Gadi alichomoa saa, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Msusi alikuwa amesimama karibu.

"Sikujua, baba," alisema. "Wallahi sikujua. Nilidhani nakusaidia."

"Ulinisaidia, mama," Gadi alisema. "Wote walinisaidia."

Alipanda ndege ya kesho yake. Walimpa kiti cha mbele kabisa na wakampandisha kabla ya watu wote; alikaa peke yake ndani ya ndege tupu kwa dakika kumi, hajui aweke wapi mikono. Alipotua, alikuta watu na simu zao nje ya mlango, maana video ya msusi ilikuwa imetazamwa usiku kucha. Walimuuliza anaiambia nini kampuni. Yeye alikuwa anamtafuta shemeji, na alipomwona, ameegemea nguzo, kanga ameipitisha kichwani na macho yamevimba, hakumuuliza. Alimwamkia tu.

"Saa ngapi?" alisema walipokuwa ndani ya teksi.

"Jana, saa kumi na mbili jioni. Alikataa kulala mchana wote. Kila mlango ukilia, anageuza macho."

"Alisema chochote?"

"Aliuliza mara mbili kama kesho imefika."

Gadi alimsimulia shemeji lile neno, lote, kuanzia lori la mawe hadi kaburi la mama. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimekusikia, shemeji. Lakini si mimi niliyekuwa nalisubiri."

Kaka alizikwa alasiri ile, na Gadi alikuwepo.

Kampuni ya ndege iliomba radhi kwa tangazo la mistari mitano, ambamo umri wa Gadi ulikosewa. Wakubwa waliulizwa maswali mengi redioni kwa muda wa wiki tatu, kukatolewa agizo kwamba kabla ya kumwacha mtu ni lazima waliomo ndani waulizwe kwanza. Viti bado vinauzwa vingi kuliko vilivyopo. Msimamizi alihamishiwa kitengo cha mizigo. Binti wa dawati alifukuzwa kazi, kwa kuwa uso ulioonekana kwenye video ulikuwa wake. Gadi aliiandikia kampuni barua kueleza habari ya ile karatasi ya kiti, hakujibiwa, na sasa binti anauza vocha na vifuniko vya simu karibu na shule. Msusi alipata wateja wengi kupita kiasi kwa sababu ya umaarufu, akaongeza viti viwili saluni, na ile video ameifuta kwenye simu yake, ingawa kwa wengine bado ipo. Shemeji anaishi na binti yake wa pili. Gadi alirudi nyumbani kwa basi, siku mbili njiani. Humpigia shemeji kila Ijumaa asubuhi. Wanaongea habari za mvua na za magoti.